Kila Mtu na Jiwe Lake

Safari ya kupanda Mlima Kibwera ilianza kupangwa jioni ambayo chaki zilikosekana.

Darasa la kisomo cha watu wazima katika kijiji cha Songambele lilikuwa limejaa kama kawaida, wanawake mbele, wanaume nyuma, magoti yamebanwa kwenye madawati ya watoto na majembe yameegeshwa nje ukutani. Chaki zilikuwa zimeagizwa Bunda na hazijafika. Mwalimu Wenceslaus, kijana mpole aliyemaliza darasa la saba juzijuzi tu, aliona haya kuwarudisha watu wazima nyumbani bila somo. Akaamua wazungumze.

"Ndugu zangu, Sikukuu ya Uhuru inakuja. Vijiji vingine watacheza ngoma. Sisi wa kisomo tutafanya nini?"

"Tutalala," alijibu Masatu kutoka nyuma. "Uhuru ni pamoja na kulala."

Watu wakacheka. Masatu na mkewe Hana walikuwa watu wa Bukima, kando ya ziwa. Walikuja Songambele kwa hiari yao, miaka ya mwanzo ya ujamaa, kulima pamba, na Masatu alipenda kusema kwamba alibadilisha mtumbwi kwa jembe na hadi leo hajarudishiwa chenji.

"Siku ile ya Uhuru," mwalimu aliendelea, "bendera yetu ilipandishwa mpaka kilele cha Kilimanjaro. Na sisi tuna mlima wetu. Kwa nini tusipande Kibwera? Tunaondoka asubuhi, tunasimika bendera, jioni tuko nyumbani."

Kibwera haukuwa mlima wa kutisha. Kutoka Bunda mpaka Butiama kila mtu aliujua. Walimu waliwapeleka wanafunzi wao huko, vijana wa misheni waliupanda kila Jumatatu ya Pasaka wakiimba, na aliyefika kileleni siku isiyo na ukungu alirudi akiapa kwamba ameliona ziwa mpaka Musoma. Ila watu wazima wa Songambele, wenye pamba ya kupalilia, waliutazama tu kwa mbali.

Darasa likapiga makofi. Mtu mmoja hakupiga. Nyangi alikuwa amekaa dawati la mbele, ubavuni kwa Hana, mikono yake miwili imebana ukingo wa dawati.

Nyangi alizaliwa Kibwera, upande wa mashariki, na huko huko akaolewa. Hakuja Songambele kwa hiari. Mwaka uliopita, operesheni ya kuhamia vijijini ilipofika mlimani, lori lilimkuta akiwa na udongo wa kaburi mikononi. Mwanawe wa pekee, Wanzagi, alikuwa amekufa kwa homa, mtoto aliyekuwa ameanza tu kuchunga ndama. Baba yake alikuwa mlinzi mjini Musoma, huko Nyakato, ambako alikuwa ameshapata mke mwingine. Habari za msiba zilimfikia, yeye hakufika.

Kwa watu wa ukoo wao, mtu huzikwa ndani ya boma lake na kaburi hufunikwa kwa mawe. Mawe hayo hayaletwi na mtu mmoja. Kila anayekuja kulia anakuja na jiwe lake, analiweka, anasema neno, anakaa. Rundo likiwa kubwa, watu husema: huyu alikuwa na watu. Rundo likiwa dogo, hawasemi kitu, na kunyamaza kwao ndiyo aibu yenyewe. Wanzagi alikuwa na mawe ya mama yake tu. Majirani walikuwa wameshapakiwa kwenye lori, wanamwita. Nyangi alikimbia kijitoni na kurudi, kijitoni na kurudi, akichagua mawe ya kushikika kwa mikono miwili, mpaka dereva alipochoka kupiga honi na mgambo wakaja kumshika mkono.

Tangu siku hiyo hakurudi. Mwenyekiti wa kijiji, Magige, alikuwa ametangaza mkutanoni kwamba atakayeonekana huko kwenye mahame, yaani kwenye maboma yaliyoachwa, atahesabiwa kuwa ametoroka kijiji. Haikuwa tishio la mdomo. Mzee Mwikwabe alikwenda kuvuna mtama wake uliokomaa bila mwenyewe. Akawekwa ndani, na alipotoka hakuwahi tena kulitamka jina la mlima. Nyangi alimwendea mwinjilisti. Mwinjilisti alimwambia kwa upole kwamba mambo ya mawe ni mambo ya mizimu, mtoto yuko mikononi mwa Mungu, aombe tu. Nyangi akaomba. Kila alfajiri aliomba. Kwamba Mungu alimsikia hakutilia shaka hata kidogo. Lakini mikono yake ilibaki na kazi isiyokwisha, na kwa kazi ile sala haikuwa na mikono.

Sasa mwalimu huyu kijana anasema darasa zima litapanda Kibwera. Mchana kweupe. Kwa ruhusa.

"Mwalimu," Nyangi alisema, na sauti yake mwenyewe ikamshangaza. "Njia ziko mbili. Ya magharibi ni pana, lakini ni ya jua tupu. Ya mashariki ina kivuli, na katikati pana kijito cha maji. Tena pana boma la zamani lenye uzio wa minyaa, pazuri pa kupumzika."

"Safi sana, mama. Utatuongoza wewe."

"Na kuna desturi. Kupanda Kibwera, kila mtu anabebaga jiwe."

"La kumpiga nani?" Masatu akauliza.

"Hapigwi mtu, shemeji. Unabeba tu. Pa kuliweka nitawaonesha mwenyewe."

Desturi hiyo haikuwapo. Nyangi aliitunga pale pale, akiwa amekaa, na alipoisikia imetoka kinywani mwake ilikuwa kama kweli. Hakuwa na haja ya kumweleza mtu. Wangefika kwenye minyaa, angesema, "Tupumzike hapa, tueni mawe yenu," na watu wote wale wangetua mawe juu ya Wanzagi bila kujua, na neno wangesema, hata kama ni neno la uchovu. Wanzagi angekuwa na watu.

Lakini mwalimu alikuwa ameruka kutoka kitini. "Mmeona? Kilele kile ni mwamba mtupu, mlingoti hauchimbiwi. Nilikuwa najiuliza tutausimamisha kwa nini. Mawe yetu! Kila mwanakisomo na jiwe lake, bendera inasimama! Mama Nyangi amefikiria mbali."

Makofi yalilia mara ya pili, safari hii kwa ajili yake. Haidhuru, Nyangi alijiambia. Mimi ndiye nitakayekuwa mbele. Tukifika nitawaambia waache haya, juu tutapata mengine. Kesho yake alfajiri alimwomba Mungu amsamehe uongo wa jiwe moja.

Chaki zilipofika, mwalimu aliifanya safari kuwa somo. Waliandika *maji*, waliandika *bendera*, waliandika *tutapanda mlima*. Hana alivunja chaki kwenye neno *jiwe*, Masatu akasema mke wake angeandikia nanga ingekuwa rahisi. Ilipangwa nani abebe debe la maji, nani abebe mlingoti, nani abebe viazi. Kila swali lilikwenda kwa Nyangi. Mvua ikinyesha? Pana pango. Nyoka? Wapo, pigeni nyasi kwa fimbo. Wapi pa kugeuka? Kwenye mti uliopigwa radi, mkono wa kulia. Alieleza vizuri, kwa furaha, kama mtu anayewakaribisha wageni kwake. Hakujua kwamba kadiri anavyoeleza ndivyo anavyojiondoa mwenyewe safarini.

Sikukuu ilipokaribia, Magige aliingia darasani. Alikuwa mtu mkubwa, mwenye sauti ya mikutano hata akiomba maji ya kunywa.

"Wanakisomo, mmeleta heshima. Nimeipeleka habari yenu wilayani, na mgeni rasmi anakuja kupanda nanyi. Mgeni lazima ale. Tutamchinjia mbuzi pale chini ya mlima. Nani atapika?"

"Watu wa ziwani tupo," alisema Hana.

"Mumlishe mgeni wa wilaya samaki furu wa kukausha?" Magige alicheka, na darasa likacheka naye. "Nyama inataka mtu wa ng'ombe. Ndugu Nyangi, wewe utapika."

"Mwenyekiti, mimi ndiye mjua njia."

"Njia umeieleza hata kipofu angefika. Au sivyo, mwalimu?"

"Ni kweli, ameeleza vizuri," mwalimu alisema, akidhani anamsifu.

"Akapike mwingine, mwenyekiti. Nakuomba."

Kicheko kilikufa. Magige alimsogelea Nyangi. "Kuna kitu unakifuata huko juu?"

Hapo ndipo palikuwa mahali pa kusema. Mwalimu alikuwepo, Hana alikuwepo, watu waliomjua walikuwepo. Angesema: nina kaburi. Lakini alimwona mzee Mwikwabe pembeni, ameinamisha kichwa, anajikunakuna kidole kwa kidole kama mtu asiyesikia.

"Hapana, ndugu mwenyekiti."

"Basi utapika."

Jioni ya kuamkia sikukuu, Nyangi alikwenda nyumbani kwa Hana. Alikuwa amedhamiria kusema yote. Akamkuta Hana anafunga viazi kwenye majani ya mgomba, na Masatu amekaa mlangoni anapaka makubadhi yake mafuta.

"Hana, mkifika kwenye minyaa, mtapumzika."

"Tutapumzika, dada. Umetufundisha mpaka tunaota hiyo minyaa."

"Pale… umwombee Wanzagi."

"Wanzagi ni nani?"

"Mtu wetu. Alibaki huko."

Masatu aliinua kichwa. "Alibaki? Mwenyekiti anajua?"

Aliuliza kwa utani, kama alivyouliza kila kitu. Lakini maneno yale yalimrudisha Nyangi nyuma kama mkono wa mgambo. "Ni marehemu wa zamani, shemeji," alisema. "Wa zamani sana."

"Nitamwombea," Hana alisema, naye hakuuliza zaidi, kwa sababu alikuwa mwanamke wa sala na aliamini kwamba jina likitajwa mbele za Mungu halihitaji maelezo.

Siku ya Uhuru ilikuwa na jua safi lililooshwa na mvua. Darasa liliondoka likiimba. Mgeni rasmi alishuka kwenye Landrover, akautazama mlima, akashika goti lake, akasema atawasubiri kivulini. Kwa hiyo Nyangi, aliyenyimwa mlima ili ampikie mpanda mlima, alikaa kutwa nzima akipuliza moto mbele ya mtu ambaye hakupanda.

"Mama, wewe hukwenda?" mgeni aliuliza, kwa wema tu.

"Mimi napika, ndugu."

"Vizuri. Kila mtu na kazi yake. Ongeza chumvi kidogo."

Saa za mchana, wimbo ulisikika kwa mbali sana, kisha juu ya mwamba kikaonekana kitu kidogo kinapepea. Mgeni alisimama, akapiga makofi. Nyangi naye alisimama, mwiko mkononi. Alikuwa anahesabu moyoni: sasa wameshapita kwenye minyaa. Sasa Hana ameshamtaja. Hilo peke yake, alijiambia, Bwana, hilo peke yake linatosha.

Walirudi jioni, vumbi mpaka nyusi, wanacheka kama watoto. Hana alikuja moja kwa moja jikoni na kumkumbatia.

"Dada, nimemwombea! Nimepiga magoti pale pale ndani ya minyaa, nimefumba macho, nimemtaja Wanzagi kwa jina. Na Mungu alitutendea muujiza, usikie. Si ulisema kila mtu abebe jiwe? Asubuhi tukatafuta mawe kule kijijini, hakuna! Kule kwetu ni udongo mweusi mtupu, jiwe utalitoa wapi? Mwalimu alikuwa ameshakata tamaa. Njiani nako, nyasi zimefika kiunoni, nani aingize mkono kwenye nyoka? Basi ninapofumbua macho baada ya sala, Masatu anaita: jamani, njooni! Rundo la mawe, dada! Yamepangwa, masafi, kila moja la mikono miwili, kana kwamba mtu alijua tunakuja. Tukabeba yote. Yalipopungua wakachukua na mafiga ya zamani na yale mawe ya chini ya ghala. Bendera imesimama kama mti!"

Nyangi alikuwa na sahani ya mgeni mkononi. Hakuiangusha. Wale wanadarasa wa ziwani na wa tambarare ya Bugwema walizika wafu wao kwenye udongo laini, wakaweka msalaba wa mti. Rundo la mawe kwao lilikuwa rundo la mawe. Wale wawili watatu wa mlimani waliokuwamo darasani hawakwenda. Mzee Mwikwabe alisema miguu inamuuma. Na Nyangi, aliyekulia mahali ambapo mawe ni mengi kuliko udongo, hakuwahi hata mara moja kufikiri kwamba Songambele hakuna jiwe.

"Dada? Mbona hivyo?"

"Moshi," alisema Nyangi, akampelekea mgeni chakula chake.

Mgeni alikula, akahutubia, akasifu mawe. Alisema kila mwanakijiji ni jiwe moja, na taifa ni rundo. Magige akapiga makofi mpaka kofia ikamlegea.

Kesho yake alfajiri iligundulika kwamba debe la maji limesahaulika mlimani. Debe lilikuwa mali ya kijiji. Magige akaja mwenyewe mlangoni kwa Nyangi.

"Ndugu Nyangi, wewe ndiye unayejua njia. Kachukue debe. Mchukue na Hana. Mkiulizwa, semeni nimewatuma mimi."

Kwa ajili ya debe, ruhusa ilipatikana mlangoni, bila kuombwa.

Walipanda asubuhi mapema, wanawake wawili, wakiwa kimya. Hana, ambaye hakupenda ukimya, alisema wanafanana na wale wanawake wa Jumapili ya Pasaka walioamkia kaburini wakijiuliza nani atawaondolea jiwe. Nyangi akasimama njiani. Akakaa chini kwenye nyasi. Hapo ndipo alipomwambia.

Hana hakulia kwa sauti. Alijishika kichwa kwa mikono miwili, ile mikono iliyobeba jiwe, kisha akaitazama mikono yenyewe. "Kwa nini hukusema? Mimi si dada yako? Ningekaa juu yake wanikanyage."

"Nilificha."

"Ulimficha nani, mimi?"

Wazee wamesema mficha uchi hazai. Hawakusema yule aliyekwisha kuzaa akificha anapoteza nini.

Walikwenda kwanza mpaka kileleni. Bendera ilikuwa imesimama vizuri. Nyangi aliyatambua mawe yake, moja moja: jeupe lenye mshipa, jekundu la mviringo, lile lililomchubua kidole. Hana alianza kuyang'oa kwa hasira. Nyangi akamshika.

"Acha. Ikianguka, watauliza nani alipanda. Ni sisi. Wewe una watoto."

Akachukua moja tu, lile jeupe, lililokuwa limelegea pembeni. Mlingoti haukutikisika.

Walipofika kwenye minyaa, debe lilikuwapo, limeegemea uzio, lina maji ya mvua. Nyangi aliingia ndani ya boma akiwa amelibeba jiwe kifuani. Nyumba ilikuwa imechomwa siku ya operesheni, na nyasi zilikuwa zimeota juu ya majivu. Kaburi lilikuwa kati ya jiko na ghala, hilo alilijua kama anavyojua jina lake. Lakini mafiga hayakuwapo. Mawe ya ghala hayakuwapo. Miguu ya darasa zima ilikuwa imekanyaga kila mahali, na mvua ya usiku ilikuwa imesawazisha yote, udongo mwekundu, laini, mmoja.

"Hana, rundo lilikuwa wapi?"

Hana alizunguka. Alikwenda huku, akarudi. "Hapa. Nadhani hapa. Au pale karibu na… Dada, nilikuwa nimefumba macho. Nilikuwa namwombea."

"Kumbuka."

"Nakumbuka sala tu."

Jiwe kaburini lilikuwa limeondolewa, lakini hapakuwa na malaika wa kuwaambia amelazwa wapi. Hana alipiga magoti mahali fulani, akainuka, akapiga magoti mahali pengine. Nyangi aliogopa kupiga hatua, asije akamkanyaga. Alisimama palepale alipokuwa, jua likapanda, jiwe jeupe likawa zito mikononi mwake, naye hakujua pa kuliweka.